Wasubiri Wenye Nyumba Washibe

1

Dawati la msaada lilimwambia Bi Skolastika Ngonyani azime chujio lake, kisha aliwashe. Akazima, akawasha. Wakamwambia alichomoe kabisa ukutani, asubiri kidogo, alichomeke upya. Akachomoa, akasubiri, akachomeka. Wakamwambia ajaribu kesho. Hapo ndipo alipoachana na dawati la msaada akanipigia mimi, kwa kuwa namba yangu alikuwa nayo tangu enzi alipokuwa akifanya kazi kituoni kwetu, na mengi aliyoniambia siku ile hayaandikiki.

"Nakijwa, mwanangu," akamalizia, pumzi zikimkata, "figo zangu zote mbili zimekufa. Hiyo kesho yao ni ipi?"

Nikabeba begi la vifaa nikateremka. Kituo cha Kanda kiko juu, kwenye miamba inayoutazama mji wa Iringa, na yeye alikuwa akiishi chini kabisa, Ipogolo. Nilimkuta amekaa kwenye kochi, miguu imevimba mpaka kandambili hazimwingii, uso umejaa maji, macho yamebaki nafasi ndogo tu ya kutazamia. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia kwa mkono.

Chujio lilikuwa ukutani nyuma yake, dogo, jeupe, safi, halina hata kovu. Kwenye kioo chake yalikuwepo maneno yale yale niliyokuwa nimesomewa kwenye simu: HURUHUSIWI. WASILIANA NA MSIMAMIZI. Na chini yake namba: 403.

Machujio haya yamo siku hizi katika kila nyumba yenye mgonjwa wa figo kanda nzima. Yanasafisha damu mtu akiwa kwake, anatazama taarifa ya habari, anawagombeza wajukuu. Sharti ni moja tu. Kabla ya kuanza, chujio huchukua tone la damu, likaiuliza seva yetu kipimo cha siku hiyo: chumvi kiasi gani, maji kiasi gani, dawa gani. Seva isipotoa kipimo, chujio halizunguki. Liliundwa hivyo kwa usalama wa mgonjwa na mimi sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu ni na ile namba. Seva ikikupa 404, inasema kitu unachokitafuta hakipo, pole, nenda. Ikikupa 401, inasema haikujui, jitambulishe. Zote hizo mtu anaweza kuzivumilia. Lakini 403 ina dharau ndani yake. Inasema: nakujua wewe ni nani, kitu chako ninacho hapa, na sikupi.

"Hospitali umekwenda?" nikamuuliza.

"Nimekwenda. Mashine zao zinauliza seva hiyo hiyo. Daktari alikuwa ananionea huruma mpaka nikamwonea huruma yeye." Akavuta pumzi. "Amesema maji yakifika kwenye mapafu, basi. Na yako njiani."

Mdogo wake, Redempta, alikuwa amesimama mlangoni amejifunga kanga kiunoni. Anaishi nyumba ya pili, na figo zake ni mbovu vile vile, ugonjwa wa ukoo. Chujio lake lilitoka boksi moja na la dada yake, likafungwa na fundi yule yule. Lake halijawahi kukataa.

Nikaomba namba yake ya mgonjwa, nikaiingiza kwenye chujio la Skolastika. Mashine ikalia kidogo, ikasema karibu, ikaanza kujaza maji. Nikaizima haraka kabla haijamchanganyia mtu dawa ya mwingine. Nikaingiza namba ya Skolastika. HURUHUSIWI.

"Mashine ni nzima," nikasema. "Waya ni mzima, mtandao ni mzima. Kinachokataliwa ni wewe."

"Mimi nimewafanyia nini?"

Nikamuuliza kama imekuwa ikikataa siku zote.

"Mwanzoni ilikuwa inakataa mchana, ikifika usiku sana inakubali. Nikazoea, nikawa nasafisha damu watu wakiwa wamelala. Baadaye ikawa inakubali Jumapili peke yake. Sasa haikubali kabisa. Na kila nikipiga simu, zima, washa. Zima, washa! Mimi nimekuwa taa?"

2

Mtu akikataliwa na seva, fundi hakurupuki. Anafuata njia ya ombi mlango kwa mlango. Faili la mgonjwa linaweza kuwa wazi kabisa, lakini limo ndani ya folda, na folda imo ndani ya folda nyingine, na mlango mmoja tu kati ya hiyo ukifungwa, faili zuri lililo wazi huko ndani halimfai mtu. Mara nyingi kosa huwa hapo. Huwa kuna kijana wa zamu aliyefunga mlango wa juu akidhani anafunga wa kwake.

Nikapitia milango yote. Faili la Skolastika lilikuwa wazi. Folda yake ilikuwa wazi, na ya mtaa, ya wilaya, na ya kanda. Kipimo chake cha siku hiyo kilikuwa kimekwisha kukokotolewa, kimekaa pale kinamsubiri. Nilikisoma kwa macho yangu. Kilikuwa sahihi kabisa, na damu ikanichemka, maana ilikuwa ni kumpakulia mtu chakula kisha unasimama mbele ya sahani.

Basi ikabaki Mlinzi.

Zamani kanuni za seva ziliandikwa kwa lugha ya mashine, na ni mafundi wachache tu waliozielewa. Wakubwa hawakupenda. Akaletwa Mlinzi, programu ya seva, ambaye unamwandikia kanuni kwa Kiswahili cha kawaida, kama unavyomwelekeza mgambo getini, naye anaisoma na kuitekeleza. Andika "watoto wahudumiwe kabla ya watu wazima," na kuanzia dakika hiyo inakuwa hivyo. Tulipigiwa makofi nchi nzima kwa ajili ya Mlinzi.

Nikamwandikia: Kwa nini umemkatalia Skolastika Ngonyani?

Akajibu: Injinia Nakijwa Mshana, huruhusiwi kuona sababu. Wasiliana na msimamizi.

Mimi! Mimi niliyemfunga yule mshenzi nyaya kwa mikono yangu, niliyelala sakafuni siku anawashwa ili asipate joto! Nilipiga meza mpaka chai ikamwagika kwenye kibodi.

Nilipomaliza kufuta chai nikakumbuka seva ya mazoezi. Kabla ya Mlinzi kuwekwa kwenye kazi ya kweli, tulikuwa na mashine ya kujifunzia, na kanuni zote zilizaliwa humo. Ipo mpaka leo stoo, nyuma ya viti vilivyovunjika, inanguruma kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima. Humo mfanyakazi yeyote anaruhusiwa kusoma. Nikaenda nikaketi juu ya kiti cha miguu mitatu, nikasoma kanuni moja baada ya nyingine. Kati ya kanuni ya sikukuu na kanuni ya umeme kukatika, nikakuta hii:

Wangoni ni wapita njia waliosahau kurudi kwao. Wasubiri wenye nyumba washibe kwanza. — G. Kikoti.

Na chini yake:

Wahehe wakishiba hulala. Sufuria tutabeba sisi. — S. Ngonyani.

Nilicheka. Nani asingecheka? Wahehe na Wangoni ni watani tangu babu zao walipochoka kuuana, na Mzee Galus Kikoti na Bi Skolastika walikuwa watani wa kupitiliza. Kabla ya kustaafu walikaa meza zinazotazamana, wote wawili waandishi wa kanuni, na haikupita siku bila mmoja kumwita mwenzake mtumwa wa ukoo. Kikoti aliwahi kulala kwenye mlango wa ofisi siku Skolastika anarudi kutoka kumzika mama yake, akakataa kuondoka mpaka alipwe jogoo. Skolastika alimruka, akamwaga machozi yake ya mwisho kwa kucheka. Ndivyo utani ulivyo. Kazi yake ni hiyo.

Kisha kicheko kikanikatika. Mlinzi wa mazoezi hakufundishwa kuficha sababu, kwa hiyo nikamuuliza ameyaelewaje maneno yale.

Kanuni ya kwanza, akajibu: watu wa koo za Kingoni wahudumiwe baada ya wakazi wengine wote wa kanda kuhudumiwa. Kanuni ya pili: haina kitendo cha kutekeleza.

Nikapiga hesabu pale pale. Wakati wagonjwa ni wachache, ikifika usiku sana kila mtu amekwisha kupata kipimo chake. Wenye nyumba wameshiba, Skolastika anaruhusiwa. Wagonjwa wakaongezeka, ikabaki Jumapili. Wakaongezeka tena, na sasa wenye nyumba hawashibi kamwe. Redempta aliolewa na Mhehe, ameandikishwa Redempta Kalinga, na Mlinzi alipolisoma jina hilo aliona mwenye nyumba.

Nikarudi kwenye seva ya kweli nikafungua kumbukumbu za waliokataliwa. Hiyo niliruhusiwa. Ngonyani. Komba. Gama. Nyoni. Mbano. Haule. Tawete. Yaliendelea kushuka kwenye kioo hata nilipoondoa kidole. Kila mmoja wao alikuwa amepiga simu kwetu, na kila mmoja wao aliambiwa azime, awashe.

3

Mkurugenzi Shekiondo alisoma yale maneno mara mbili. Kisha aliinuka akafunga mlango wa ofisi yake mwenyewe, jambo ambalo kwa kawaida humwagiza katibu.

"Nani mwingine ameona?"

"Mama, hilo ndilo swali?"

"Nimekuuliza, Injinia."

"Mimi tu. Ila nataka kujua utani wa mezani ulifikaje kwenye seva ya kweli."

Akavua miwani. Ni mama mwenye adabu zake, hajawahi kumpandishia mtu sauti, na siku ile nilitamani angefoka ili nami nipate pa kufokea.

"Siku ya ufunguzi," akasema, "kanuni zilitakiwa zihamishwe. Zilikuwa nyingi mno na mgeni rasmi alikuwa njiani. Nilisaini zihamishwe zote."

"Bila kuzisoma?"

"Mgeni rasmi alikuwa ameshafika mlima Kitonga."

Nikamtazama. Huyu alikuwa anazungumza kwa dhati. Mahema yalikuwa yamefungwa, ngoma imeshalipwa, utepe umenyooshwa, kwa hiyo damu za watu zisomwe baadaye. Kwetu kila kitu kinaweza kusubiri isipokuwa mgeni rasmi.

"Nisikilize vizuri," akaendelea. "Kuna njia mbili. Ya kwanza, unaandika taarifa kwamba chujio la Bi Ngonyani lilikuwa na hitilafu. Mimi natoa ruhusa ya pekee kwa jina lake, na ndani ya saa moja anasafishwa damu. Anapona."

"Na hao wengine?"

"Watashughulikiwa taratibu, mmoja mmoja, kadiri watakavyolalamika."

"Wamelalamika, Mama. Tumewaambia wazime, wawashe."

Alijifanya hakusikia. "Njia ya pili, unaandika kwamba si hitilafu, ni kanuni. Hapo inakuwa ubaguzi kwa mujibu wa sheria. Unaifahamu sheria hiyo? Taarifa ikipokelewa tu, kanuni zote zinafungwa kama ushahidi mpaka baraza la kuisikiliza likae. Haibadilishwi hata nukta, na hakuna ruhusa ya pekee kwa mtu yeyote. Baraza halijawahi kukaa kabla ya mwezi kuisha. Huyo bibi yako anao mwezi?"

Nilijua hana hata wiki.

"Unaninunua kwa roho ya mtu," nikasema.

"Nakupa roho ya mtu," akanijibu. "Wewe ndiye unayetaka kuirudisha. Nataka taarifa yako leo, kabla sijafunga ofisi."

Nilitoka pale kwa hasira. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa amepanga hesabu yake sawasawa. Ukisema kweli, unaua. Ukisema uongo, unaokoa mmoja na kuwafukia wengine, tena kwa saini yako.

Niliposhika ngazi ndipo liliponijia jambo la tatu. Kanuni za Mlinzi hufutwa na mkurugenzi, au na yule aliyeziandika, kwa sauti yake mwenyewe. Na sisi mtu akistaafu tunamfanyia sherehe, tunampa godoro na cherehani, tunapiga picha. Hatukumbuki kumfuta kwenye mfumo.

4

Mzee Kikoti alifika Ipogolo na gamba la matope kwenye viatu; nilikuwa nimemtoa kwenye shamba lake la viazi kwa simu na sikumwambia sababu. Alichojua ni kwamba mtani wake anaumwa. Akabisha hodi kwa fimbo.

"Kamwene humu ndani! Nimesikia Mngoni anakufa, nimekuja kuchukua sufuria zetu alizoiba."

Kwenye kochi Skolastika akafumbua jicho moja. "Redempta, funga mlango. Limeingia jitu linanuka viazi."

Mzee akacheka, akamkaribia, kisha akaiona ile miguu. Akaishika fimbo kwa mikono miwili. Sikuwa na namna nyingine ya kulisema, nikawaambia wote wawili kwa pamoja, mwanzo mpaka mwisho, pamoja na zile njia mbili za mkurugenzi.

Redempta ndiye aliyeanza kulia, na alilia kwa sauti ya kutukana, akimwita mkurugenzi majina ya wanyama.

"Lakini nilikuwa namtania," Mzee Kikoti akasema hatimaye, polepole, akinitazama mimi kana kwamba mimi ndiye mwenye uwezo wa kuyarudisha yale maneno. "Namtania huyu. Huyu hapa! Alikuwa amenilia karanga zangu, nikamwandikia vile ili azione akifungua mashine asubuhi." Sauti ikampanda. "Utani ni wa mtu na mtu! Anayetaniwa anajua, anayetania anajua, na waliokaa pembeni wanajua! Nani kawaambia wauingize kwenye mashine? Mashine ina mtani? Mashine ina babu?"

"Usinifokee, mimi sijafa," Skolastika akasema.

"Nimekuua, Skola."

"Hujaniua. Ungetaka kuniua ungeshindwa, wewe kitu gani umewahi kumaliza?" Akakohoa, na kikohozi kile kilikuwa na maji ndani yake. Sote tulikisikia. Alipopata pumzi alinigeukia mimi, na sasa hakukuwa na mzaha wowote usoni.

"Nakijwa, mimi sitakudanganya. Hiyo ruhusa ya peke yangu naitaka. Naitaka sana. Nikifumba macho nayaona maji yanapanda. Halafu nawaza kila Komba na kila Gama anayepiga simu anaambiwa azime, awashe, na mimi nimelala hapa nasafishwa, ninajua. Kwa hiyo usiniulize mimi ufanyeje. Ukiniuliza nitakujibu kama mtu anayezama."

Sikumuuliza. Nilimgeukia Mzee Kikoti nikamwambia lile jambo la tatu. Alama yake ya sauti ingali hai. Akiifuta kanuni yeye mwenyewe kabla taarifa haijapokelewa, itafutika kwa wote, siyo kwa Skolastika tu. Nakala itabaki kwenye seva ya mazoezi, na hiyo nitaipeleka barazani mimi, pamoja na majina yote. Ila Mlinzi ataandika nani amefuta na nani amemfungulia mlango. Mimi nitapoteza leseni. Yeye ataingia barazani kama mwandishi wa ubaguzi aliyejaribu kuufuta, na watu wamefungwa kwa kidogo kuliko hicho.

"Nitawaeleza ulikuwa utani," nikasema.

"Wataelewa?"

"Sidhani."

Aliinama akaweka fimbo sakafuni, akamshika Skolastika mguu uliovimba, kwa vidole tu, kwa woga.

"Kwetu mtani akizidisha, anajirudi mwenyewe," akasema. "Hatumi mkurugenzi. Hatumi wakili. Anakwenda mwenyewe anasema nimezidisha." Kisha akainuka. "Na jogoo nitaleta."

"Wawili," Skolastika akasema.

5

Tuliingia kituoni kwa mlango wa mbele, mchana kweupe. Mgambo wa getini alimkumbatia Mzee Kikoti akamuuliza habari za viazi. Nilimketisha mbele ya kipaza sauti kwenye chumba cha seva, nikamfungulia ukurasa wa kanuni kwa namba yangu, nikajua hapo ndipo kazi yangu inapoishia. Sikuona huzuni. Nilikuwa nimekasirika mno kuona huzuni.

"Galus Kikoti," Mlinzi akasema. "Karibu tena. Sauti imetambuliwa."

"Nafuta maneno yangu kuhusu Wangoni."

"Kanuni hii imetekelezwa bila kosa tangu siku ya ufunguzi. Taja sababu ya kuifuta."

Mzee akanitazama, akairudia ile mashine isiyo na uso. "Ulikuwa utani."

"Sababu haikueleweka. Taja sababu."

"Nimesema ulikuwa utani, wewe chuma! Nilikuwa nacheka!"

"Sababu haikueleweka. Taja sababu."

Nikamwekea mkono begani.

"Sababu," akasema, "ni kwamba watu wanakufa."

"Sababu imepokelewa. Kanuni imefutwa."

Haikutoa hata mlio. Kwenye kioo cha maombi, hata ya zamani yaliyokwama kwenye foleni, namba nyekundu zikaanza kugeuka kijani, moja, kisha tano pamoja, kisha kioo kizima. Komba, ruhusa imetolewa. Nyoni, ruhusa imetolewa. Simu yangu ikalia. Alikuwa Redempta, aliisogeza tu simu ukutani, nikasikia chujio linazunguka, na nyuma yake Skolastika anamwambia mtu asimsimamie kama maiti. Nikampa simu Mzee Kikoti aisikilize. Aliiweka sikioni akaacha machozi yateremke.

Mkurugenzi Shekiondo aliingia wakati huo. Alitazama kioo, akamtazama mzee, akanitazama mimi, na alielewa yote bila kuambiwa.

"Umejimaliza," akaniambia. "Umemmaliza na huyu mzee wa watu."

"Ndiyo, Mama."

"Bado inawezekana kuokoa jambo." Alikuwa ameshaanza kutembea huku na huku. "Mfumo ulikuwa na hitilafu, mmeirekebisha. Kwa dharura. Hivyo ndivyo tutakavyosema wote watatu, na wakipiga simu ndivyo watakavyojibiwa. Hitilafu. Hakuna atakayeuliza zaidi ya hapo, watu watakuwa na furaha."

Simu ya mezani ikaita. Ilikuwa imeelekezwa kutoka dawati la msaada, ambako nadhani simu zilikuwa zimewazidi. Nikabonyeza kitufe cha spika.

"Kituo cha Kanda, Injinia Mshana."

"Shikamoo." Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, ya mtu anayejitahidi kuwa na heshima. "Naitwa Onesmo Nyoni, niko huku Mafinga. Samahani kwa usumbufu. Chujio la baba limewaka lenyewe hapa sebuleni."

"Marahaba. Endelea."

"Limesema, karibu Mzee Nyoni, kipimo chako kiko tayari. Sasa linazunguka. Mama amekimbilia nje, hataki kuingia." Akashusha sauti. "Baba tulimzika wakati wa masika. Mashine hatukuichomoa kwa sababu mlisema mtatuma mtu kuichukua. Alipokuwa hai ilimkatalia mpaka mwisho. Nilipiga simu mimi mwenyewe, kila siku nilipiga. Mkaniambia ni mbovu."

Mzee Kikoti alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Mkurugenzi alikuwa amesimama mbele yangu anatikisa kichwa, na midomo yake ikilitamka neno lake bila sauti: hitilafu, hitilafu.

"Kwa hiyo naomba kuelewa tu," Onesmo Nyoni akasema. "Mlikuja kuitengeneza saa ngapi?"

"Hatukuja, Bwana Nyoni," nikasema. "Haikuwahi kuharibika. Kipimo cha baba yako kilikuwa hapa kila siku, nasi tulikuwa tunamkatalia."